Maxim ya Mzee wa Ohio

Wakati huo riziki yangu ilitoka kwa kuhariri video za watu wa mbali. Nilikuwa nimepanga chumba Migosi, hapa Kisumu, na mteja wangu mkubwa alikuwa mwalimu mstaafu wa Ohio, Marekani, aliyekusanya bunduki za kale na kueleza kwenye YouTube jinsi zilivyofanya kazi na vita zilikopita. Nilimwita Mzee, naye jina hilo likampendeza. Mimi bunduki sijawahi kuishika. Kenya raia haipati bila cheti cha serikali, na wengi wetu tunaziona mabegani mwa polisi tu. Ila zile za Mzee zilinivuta, kwa sababu baadhi yake ziliwahi kufika huku kwetu.

Mapema Juni 2024 YouTube ikatangaza masharti mapya, yaanze Juni 18. Video inayoonyesha jinsi ya kuondoa kifaa cha usalama kwenye bunduki, marufuku. Inayoonyesha bunduki za kujitengenezea nyumbani, au za rashasha zikifyatuliwa, itazamwe na waliotimiza miaka 18 tu, tena walioingia kwa akaunti zao. Tangu 2018 ilikuwa tayari marufuku kuuza bunduki kupitia video au kufundisha watu kuziunda. Sikuona ubaya. Mwaka mmoja kabla, kundi la watafiti la Tech Transparency Project lilifungua akaunti zilizojifanya za wavulana wa miaka 9 na 14 wanaopenda gemu, na video za bunduki zikawamiminikia kwa mamia. Mimi nina mpwa wa rika hilo. Hilo lilinitia hofu.

Mzee alinipigia kwangu ikiwa saa tatu usiku, kwake mchana. Alitaka tupitie kila kitu alichowahi kupakia. Onyo tatu ndani ya siku 90 na chaneli inafungwa. Miaka yake yote ya kazi ingekwenda nayo.

Nyingi zilipita bila taabu. Hapa nikakata kipande, pale nikaiwekea kikomo cha umri, nikanunua tokeni za stima, nikaendelea. Kisha tukafika kwenye Maxim.

Ile ndiyo iliyokuwa video bora ya Mzee, na nasema hivyo bila upendeleo. Hiram Maxim aliibuni bunduki hiyo 1884. Badala ya mtu kuzungusha mpini, teke la risasi moja ndilo linaloingiza nyingine, karibu 600 kwa dakika. Mtutu umezungukwa na pipa la maji ili usipate moto kupita kiasi. Mzee alijaza maji kwa birika la bati, akalisha ukanda wa kitambaa wenye risasi, akafyatua kwenye tuta la udongo. Baada ya muda mvuke ukaanza kutoka, kwanza kidogo, halafu kwa nguvu, maji yakichemka kabisa. Hakusema neno pale. Aliacha tuone.

Rafiki yangu anayefundisha historia shule ya upili kule Nandi aliionyesha darasani kila mwaka, kwa projekta, kwenye kompyuta ya shule isiyo na akaunti ya mtu. Wanandi walipambana na Waingereza kwa zaidi ya miaka kumi, hadi kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipouawa Oktoba 1905, na msafara wa kijeshi uliofuata ulikuja na Maxim. Wanafunzi wake, aliniambia, walikuwa wakiuliza mbona babu zao walishindwa na watu wachache vile. Baada ya video hakuna aliyeuliza tena.

Mzee akataka kuifuta. "Sina nguvu ya kubishana nao," alisema.

"Usiifute, Mzee," nikamwambia. "Kuna watoto huku ambao wazee wao walisimama mbele ya mtutu huo. Waache waujue."

Akanyamaza, kisha akaniuliza ninapendekeza nini. Tukakubaliana ile ya awali tuifungie watu wazima, nami nitengeneze nyingine isiyo na ufyatuaji: mikono yake, birika, ukanda mtupu ukipita, na mchoro wa ndani nilioukesha nikiuchora. Niliipakia usiku wa Juni 17. Niliipenda, lakini mvuke haukuwamo. Mwalimu wa Nandi alipoitazama aliniandikia swali moja tu: maji yanayochemka yako wapi? Akasema ataeleza kwa mdomo.

Jumamosi iliyofuata mpwa wangu akaja na simu ya mama yake. "Anko, si hii ndiyo ulikuwa unaikata?" Ilikuwa ile iliyofungwa, rashasha inanguruma. Akaunti ni ya dada yangu, mtu mzima, na nyumbani kwao simu ni hiyo moja. Nilikasirika sana. Darasa zima lenye mwalimu mbele lilikuwa limefungiwa mlango, na mtoto peke yake kitandani ameachiwa wazi. Waliotunga masharti nadhani waliwazia nyumba ambayo kila mtu ana simu yake.

Nilimpigia dada, na jioni hiyo tukamfungulia kijana akaunti ya mtoto, kwa simu ileile. Akaninunia. Mwishowe nikamketisha kando yangu, nikaiwasha Maxim kwenye laptopu yangu mwanzo hadi mwisho, nikiisimamisha kila alipouliza. Aliuliza mengi, hasa kuhusu Koitalel.