Nilivyopunguza ukungu wa drili kwenye chumba changu cha meno

Tangu 2020 nimekuwa nikipambana na ule ukungu unaotoka kinywani mwa mgonjwa drili au mashine ya kuondoa ugaga inapowashwa. Matone makubwa huanguka kifuani kwake na sakafuni. Yale madogo kabisa hubaki hewani, na kifua kikuu, ambacho sisi Tanzania tunaishi nacho, husambaa kwa hewa hiyo hiyo.

Kilichosaidia kuliko vyote ni sakisheni, yaani mashine ya kunyonya kinywani. Mrija mwembamba unaoning'inizwa mdomoni hunyonya mate tu. Kinachotakiwa ni mrija mnene, tundu lake kama milimita 8, uvutaji wa nguvu, na ushikwe karibu kabisa na ncha ya drili. Mwanzoni msaidizi wangu alisita: "Daktari, nitakugonga mkono." Nikamwambia, "Nigonge tu, dada, usiuache mbali." Siku hizi anaufuata mkono wangu kila unapokwenda. Chini ya taa ya kiti unauona ukungu ukikata kona na kuingia mrijani. Mrija ukirudi nyuma kidogo tu, ukungu unapanda usoni kwangu.

Kusukutua dawa kabla ya kazi tunaendelea nako, ila hakugusi vijidudu vinavyotoka mapafuni. Kwa hiyo mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi simwashii drili: namtuliza maumivu, namwelekeza akapime makohozi kwanza. Barakoa ni N95, iliyobana pembeni.

Hewa nayo ina hesabu yake. Hewa yote ya chumba ikibadilika mara 12 kwa saa, huchukua dakika kama 23 kuondoa asilimia 99 ya chembe. Ikiwa mara 6, dakika 46. Sina mitambo, nina madirisha mawili yanayotazamana, basi yanabaki wazi, na wa kusafishwa meno nawapanga mwishoni mwa siku ili asiingie mtu nyuma yao.

Matundu mengi ya watoto siyagusi kabisa kwa drili. Nakwangua uozo kwa vifaa vya mkono, najaza glasi ayonoma, aina ya saruji ya kuzibia meno. Njia hii ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na inaniuma kuona kliniki zetu zikiiona ni ya kimaskini. Haihitaji maji ya bomba wala umeme, hairushi ukungu, na mtoto hasikii ule mlio unaomfanya akatae kufungua mdomo.