Mchana wa Nairobi hauna barua

Wanaokwambia "tulia tu, jibu litakuja" hawajawahi kungoja jibu la chuo. Nilituma maombi ya uzamili kwa vyuo kadhaa vya Marekani mwezi wa Desemba, ada za maombi zikala akiba yangu karibu yote, kisha ikaanza kazi yenyewe: kungoja Februari, kungoja Machi. Usingizi ukanihama. Chai ilipoa mbele yangu huku kidole kikifungua barua pepe, kikifunga, kikifungua tena.

Rafiki yangu mmoja, bingwa wa nasaha, akaniambia niiweke simu mbali. Nikampelekea shangazi yangu kule Umoja, akaifungia kabatini chini ya vitambaa vya makochi. "Shangazi, usinipe mpaka Jumapili, hata nikilia." Akacheka, "Haya, mwanangu."

Siku ya kwanza nilijiona shujaa. Ya pili, saa tisa alasiri, nikajikuta kwenye saiba moja Moi Avenue, nimelipia dakika ishirini hivi, najiambia nitachungulia tu. Nikaandika nywila. Kompyuta ikajibu: nambari ya uthibitisho imetumwa kwenye simu yako.

Simu iko Umoja, chini ya vitambaa.

Nikadandia matatu. Mvua imeanza, nauli imeruka karibu maradufu, Jogoo Road haisongi. Kondakta akaniuliza mbona nahema na nimeketi. Shangazi aliponifungulia mlango alinikagua kuanzia viatu kwenda juu. "Ulisema hata ukilia." Nikamwambia silii, ni mvua. Akanilisha ugali na sukuma kwanza, simu baadaye. Barua mpya ilikuwa moja tu: duka fulani lina ofa ya sufuria.

Kilichoniponya ni hesabu ya saa, na hii najisifu niliigundua mwenyewe. Majira ya baridi ya kwao, New York iko nyuma yetu kwa saa 8, California 11. Ofisi ya New York ikifunguliwa saa tatu asubuhi, hapa ni saa kumi na moja jioni. Ya California ikifungwa jioni, hapa ni karibu alfajiri. Kwa hivyo ukiamka chungulia mara moja, pamoja na folda ya barua taka, halafu ufanye kazi zako. Mchana kutwa watu unaowaogopa wamelala fofofo. Ukishachungulia Jumamosi asubuhi, wikendi usijisumbue. Katikati ya Machi wenzetu husogeza saa zao mbele, kwa hivyo ofisi ya New York hufunguliwa saa kumi yetu. Mlio wa barua nao niliuzima, nikabakiza wa anwani zinazoishia na edu, yaani za vyuo vyao.

Binamu yangu alikuwa ameshaniombolezea: kimya hadi Aprili, umekataliwa. Hajui kwamba vyuo vingi huwapa waliopata ufadhili hadi tarehe 15 Aprili kuamua, na wakikataa nafasi ndipo walio kwenye orodha ya kusubiri huitwa. Mimi nilikuwa kwenye orodha hiyo ya chuo kimoja. Vyuo vingine vilishanikataa, barua zao fupi, za adabu sana. Hiki kiliniita siku chache baada ya hiyo 15, saa mbili usiku, ule mlio wa edu ukalia nikiwa nakaanga vitunguu. Viliungua.

Sasa nangoja miadi ya viza, na ubalozi uko Gigiri, saa zao ndizo zetu. Hesabu yangu hapo haifui dafu.