Bei ilipopanda

Katikati ya Novemba 2021 nilifika alfajiri kwenye kituo chetu cha kupokelea kahawa, nikakuta mizani iko peke yake. Kwa kawaida wiki kama ile, uvunaji ukiwa umepamba moto, foleni huanza kabla jua halijachomoza: ndoo, viroba, matoroli, watoto wamekalia mizigo ya mama zao, watu wanabishana nani alitangulia. Siku ile walikuja wanachama wawili tu. Mmoja alileta kilo 18 za kahawa mbivu, mwingine 11. Karani alipima, akaandika, kisha akanitazama kama mtu anayengoja kuambiwa la kufanya. Sikuwa na la kumwambia. Nilijua kahawa ilikokwenda.

Huo ulikuwa mwaka wangu wa sita nikiwa meneja wa ushirika ule. Wanachama walikuwa mia nne na ushei, kila mmoja na shamba lake dogo. Mkulima wa namna hiyo peke yake hana kahawa ya kumfikia mnunuzi wa ng'ambo, lakini wakikusanya pamoja wanajaza kontena. Kontena moja hubeba magunia 320 ya kilo 60, yaani kilo 19,200 za kahawa safi, na ili upate kilo moja ya kahawa safi unahitaji karibu kilo sita za matunda mabivu. Kwa hiyo kilo 29 za asubuhi ile, zikishamenywa, kuoshwa, kukaushwa na kukobolewa, zisingefika hata kilo tano.

Nami nilikuwa nimeahidi kontena mbili.

Mikataba niliitia saini mwezi Machi mwaka huohuo. Tulikuwa tunauza kwa masharti ya Fairtrade, mfumo wa biashara ya haki wenye cheti, na kanuni yake ya bei si ngumu. Soko la New York, ambalo ndilo linaloongoza bei ya kahawa, likiwa chini, mnunuzi haruhusiwi kulipa pungufu ya bei ya chini iliyowekwa, ambayo wakati ule ilikuwa dola 1.40 kwa ratili (karibu nusu kilo) ya kahawa aina ya arabika iliyooshwa. Soko likipanda juu ya hapo, hulipa bei ya soko. Kisha huongeza senti 20 za premiamu kwa kila ratili, na hizo si za mkulima mmoja mmoja. Ni za chama kizima, na mkutano mkuu ndio unaoamua zifanye nini, ilimradi angalau senti 5 ziende kwenye ubora na tija. Mkataba unaweza kuiacha bei wazi ili ifungwe baadaye kwa kufuata soko, au ukaifunga siku ya saini. Machi ile soko lilikuwa chini ya dola 1.40. Mimi nilifunga bei. Kontena zote mbili, kwa 1.40.

Sikufanya hivyo kwa uzembe. Mwaka 2019 nilikuwa nimeona soko likianguka hadi chini ya senti 90, na wanachama wetu ndio waliobaki wakipalilia mibuni yao wakati wengine waliiacha ikamezwa na magugu. Mwenyekiti wetu, mzee aliyekuwa mmoja wa waanzilishi, alikumbuka mabaya zaidi. Mwaka 2001 bei ya New York ilishuka chini ya senti 50, na huku wao wakikata miti wakapanda mahindi, walisikia kwamba vyama vyenye cheti cha Fairtrade vinalipwa dola 1.26, premiamu ikiwamo. Ndiyo sababu walikitafuta cheti hicho. Niliyapokea masimulizi hayo kama urithi. Nilikomaa katika kazi hii nikiamini kwamba adui yetu ni mmoja, naye ni bei kushuka.

Tarehe 20 Julai baridi kali ilipiga mashamba ya Brazil, nchi ambayo tayari ilikuwa imeumizwa na ukame. Kabla ya mwisho wa mwezi New York ilikuwa imevuka dola 2. Nilisoma habari hiyo kwenye simu nikiwa ghalani, na kwa muda mfupi sana nilifurahi. Kisha nikakumbuka saini yangu, miguu ikaniishia nguvu, nikakaa juu ya rundo la magunia matupu.

Msimu ulipofunguka, walanguzi walikuja. Walikuwapo miaka yote, lakini si kwa wingi ule wala si kwa pesa ile. Walikuja usiku na magari madogo, wakanunua chochote: mbivu, mbichi, zilizookotwa chini. Hawakuchambua. Hawakuitia kahawa kwenye maji ili kutoa mapepe yanayoelea. Walilipa taslimu palepale. Sisi tulimwambia mwanachama achambue kwanza, kisha tukampa malipo ya kwanza, kisha tukamwomba asubiri malipo ya pili baada ya kahawa kusafirishwa, na hiyo ni miezi. Kwa bei yetu iliyofungwa, hata tungejikamua vipi, malipo ya kwanza yasingeweza kufika anakofika mlanguzi.

Wala kuvunja mkataba haikuwa njia. Tulikuwa tumeomba mnunuzi atutangulizie fedha, kama kanuni zinavyoruhusu, hadi asilimia 60 ya thamani ya mkataba wa kwanza, na sehemu kubwa ilikuwa imeshalipwa kwa wanachama wa mwanzo wa msimu. Fedha ile ilikuwa deni. Habari zilizotufikia kutoka Colombia zilikuwa hizohizo: wakulima waliouza kabla ya mavuno hawapeleki kahawa, na vyama vyao vimebaki na mikataba mikononi. Kusikia kwamba wengine nao wamekwama hakukunipa nafuu yoyote.

Nilianza kuandika majina. Hili ndilo linaloniuma hadi leo kuliko ile saini. Nilinunua daftari, nikawa napita jioni nikiuliza huku na kule, nani kamuuzia nani, magunia mangapi. Katiba ya chama ilisema mwanachama anayeuza nje aondolewe. Nilifika majina 73, na kila nililoandika nilijiona ninatetea chama. Mwenyekiti aliliona daftari siku moja, akafunua kurasa mbili tatu, akalifunga taratibu.

"Umemwandika shemeji yangu," alisema.

"Aliuza, Mwenyekiti."

"Najua aliuza." Akatazama vichanja vya kukaushia, vingi vikiwa vitupu. "Itisha mkutano."

Tulikutana Jumamosi. Sijawahi kuona mahudhurio kama yale, kwani aliyeuza na asiyeuza wote walikuja, na wote walikuja na hasira. Nilikuwa nimepanga kuanza na katiba. Mwenyekiti alininong'oneza nianze na hesabu. Nikachukua chaki.

Nikaandika 2.20, bei ya New York wiki ile. Chini yake nikaandika 1.40. Nikatoa, nikapata senti 80. Nikaandika ratili za kontena moja, 42,300 hivi, nikazidisha. Zaidi ya dola 33,000. Mtu wa nyuma akasema kwa sauti, "Kwa kontena moja?" Nikajibu ndiyo, kwa kontena moja. Ukumbi ukanyamaza.

Nikawaeleza kwamba fedha hiyo haikuibwa na mtu. Niliipoteza mimi siku nilipofunga bei ya kahawa yote badala ya kufunga ya kontena moja na kuiacha nyingine wazi. Bodi iliidhinisha kwa sababu mimi niliishauri hivyo. Na nikasema lile lililokuwa gumu zaidi: kwamba sikuwahi kuwaeleza wanachama maana ya kufunga bei. Katika mkutano wa Aprili nilitangaza tu kwamba tumepata soko, watu wakapiga makofi.

Mama mmoja akasimama. Alikuwa mjane, mwanachama tangu mwanzo, na kahawa yake ilikuwa safi kiasi kwamba karani alikuwa akiipima bila kuikagua.

"Meneja, mwanangu," alisema, "jina langu limo kwenye hilo daftari?"

Limo. Sikuweza kulitamka, nikaitikia kwa kichwa.

"Niliuza magunia mawili. Niliuza usiku, nami si mtu wa kutembea usiku. Mjukuu alirudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa ajili ya ada, na malipo yenu ya pili huja wakati muhula umeshakwisha. Sikukikimbia chama. Nilikuwa na haja siku ya Jumanne." Akanyamaza kidogo. "Sasa nikuulize. Huyo mnunuzi, umemwambia haya uliyotuandikia hapo ubaoni?"

Nikasema hapana.

"Kwa nini?"

Nilijikaza nitafute jibu la kiofisi. Halikuwapo. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Nilitaka mnunuzi aendelee kutuona kama chama kinachotimiza ahadi bila kelele, na kwa ajili ya sura hiyo nilikuwa tayari kuwafukuza watu 73 kabla ya kupiga simu moja.

"Basi mpigie," alisema, akakaa.

Mkutano ulichukua saa tano. Walionitaka niachie ngazi walisema wazi, na haki yao ilikuwa hiyo. Mjadala uliotuvusha lakini ulihusu paa. Kwenye akaunti kulikuwa na premiamu ya msimu uliopita, na mkutano mkuu ulikuwa umeshaipangia kazi: kuezeka upya ghala, ambalo lilivuja. Kijana mmoja wa upande wa juu akapendekeza paa lisubiri, na sehemu isiyofungwa na kanuni ya ubora na tija iongezwe kwenye malipo ya kwanza, ili mtu akileta kahawa leo aondoke na kitu leo. Wazee wawili walipinga vikali. Walikuwa wamelipigania paa lile miaka mitatu. Niliwaelewa. Kahawa iliyokauka vizuri ikinyeshewa ghalani, kazi yote ya msimu imeoza. Mwishowe mikono ilihesabiwa mara mbili, hoja ikapita, katibu akaandika kila neno kwenye kumbukumbu. Mkaguzi wa FLOCERT, kampuni inayokagua vyama vyenye cheti cha Fairtrade, alipokuja baadaye, karatasi ya kwanza aliyoiomba ilikuwa hiyo.

Kuhusu daftari, walipiga kura asifukuzwe mtu.

Jumatatu nilimpigia mnunuzi. Nilimweleza kila kitu, pamoja na hesabu za ubaoni. Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani simu imekatika. Akasema kontena ya kwanza ameshaiuza kwa wakaangaji kwa bei aliyowapa Aprili, hapo hawezi kugusa kitu. Ya pili bado. Kwa hiyo tugawane tofauti nusu kwa nusu: bei mpya 1.80, na premiamu yake palepale. Akaongeza kwa upole kwamba angependa kuyasikia haya mwezi Agosti. Nikamwambia, hata mimi.

Kugawana nusu hakukuwa haki kamili kwa wanachama, na sitasema kulikuwa. Waliokuwa na bei wazi mwaka ule walipata 2.20 na zaidi. Agosti 2023, Fairtrade ilipopandisha bei ya chini ya arabika iliyooshwa hadi dola 1.80, niliitazama nambari ile kwa muda. Ilikuwa ileile tuliyoipata kwenye simu, baada ya kuomba.

Foleni haikurudi siku moja. Alhamisi walikuja watu sita. Jumamosi ishirini. Walanguzi walipandisha bei tena, wengine wakawafuata, na sikwenda kuuliza ni kina nani. Kontena ya kwanza ilijaa mwishoni mwa Januari, magunia yote 320, ikafungwa lakiri mchana wa jua kali. Ya pili haikujaa. Tulipakia magunia 251 mwezi wa nne, na mnunuzi akakubali kuyapokea hivyo. Ghala lilivuja msimu mzima. Tulikuwa tukihamisha magunia kila mawingu yanapokusanyika, mimi, karani, na yeyote aliyekuwa karibu.

Daftari lilikuwa bado na kurasa nyingi. Daftari la mapokezi lilipojaa mwezi Februari na hatukuwa na jingine, karani alilichukua langu kutoka mezani, akaligeuza nyuma, akapiga mistari, akaanza kuandikia mapokezi humo. Ninalo mpaka sasa. Upande mmoja kuna majina 73 kwa mwandiko wangu. Upande wa pili mengi ya majina hayohayo yamo tena, kwa mwandiko wake, na mbele ya kila jina kuna kilo. La yule mama liko ukurasa wa tatu: 42.