Kumba Maji, Mdomo Utafuata

Nilipoondoka Dar kwenda misheni Kigoma mi ndo nilikuwa kiongozi wa maombi wa timu yetu, na kiukweli nilikuwa siombi. Yani mbele za watu naomba, sauti ninayo, mistari naijua, naweza kuongoza mkesha saa nzima watu wakalia, ila nikirudi chumbani kwangu nazima taa nalala. Ilikuwa hivyo tangu mama afariki. Mama aliumwa kansa ya kizazi, tukafunga siku 21 ukoo mzima na kanisa, siku ya 19 akaenda. Watu wakaniambia Mungu ana makusudi yake, nikaitikia amina, basi, toka siku hiyo sikuwa na la kumwambia tena Mungu. Sikumwambia mtu. Unamwambia nani sasa na wewe ndo kiongozi wa maombi?

Tulikuwa wanane, mchungaji wetu, mwinjilisti mmoja mtu mzima, wanakwaya watano mi nikiwemo, na kijana wetu wa kinanda, miaka 22, mtoto wa mwisho kwao, mama yake alikuja hadi stesheni kunishika mkono akaniambia dada nakuachia huyu. Tulibeba spika mbili, jenereta, maboksi ya Biblia na magunia ya nguo. Ilikuwa mwezi wa sita.

Tukapanda treni ya reli ya zamani, ile aliyoijenga Mjerumani ikafika Kigoma 1914, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar. Sitaielezea sana maana aliyepanda anajua, kuku wa Saranda unauziwa dirishani, asali ya Tabora, vumbi, watoto wamelala chini kwenye korido unawaruka kwenda chooni, afu Uvinza unanunua chumvi hata kama nyumbani ipo kwa sababu huwezi kupita Uvinza usinunue chumvi. Tuliimba karibu njia nzima. Kwenye kuimba nilikuwa sawa, kuimba hakukuniuma kama kuomba.

Kigoma tulilala usiku mmoja, kesho yake tukashuka Ujiji kusubiri boti ya kusini. Kulikuwa na muda hivyo mwinjilisti akatupeleka pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, walipokutana 1871 chini ya mwembe. Kila mtu anaijua hiyo habari. Ila mwinjilisti akatusimulia nyingine ambayo mi sikuwahi kuisikia, kwamba miaka michache baadaye, 1878, wamisionari wa London Missionary Society walifika hapo Ujiji kuanza kazi, na mmoja wao, Thomson, akafa mwaka huohuo. Mwenzao Arthur Dodgshun alichelewa njiani na mizigo, akatembea kutoka pwani mwezi baada ya mwezi, akafika Ujiji mwishoni mwa Machi 1879, na baada ya kama wiki moja akafa na yeye. Wiki moja! Wenzangu walisema ooh, walijitoa kweli hawa watu. Mi nilikaa kimya, nikawa nawaza huyu baba aliomba njia nzima, lazima aliomba, Bwana nifikishe, na akafikishwa ili afe. Ndo ikawa ileile ya mama. Niliondoka pale na hasira ambayo hata sikujua bado ninayo.

Boti ilitoka saa kumi na moja jioni. Ni boti ya mbao, ndefu, haina paa isipokuwa turubai, imejaa sembe, kreti za soda, mabati, magodoro, mapipa ya dizeli na juu ya hayo yote watu. Mbele yangu alikaa bibi mmoja Mwislamu, mtandio mweupe, tasbihi mkononi, anamrudisha mjukuu kwao. Miezi ile upepo wa kusini unavuma sana ziwani na sisi tulikuwa tunaelekea kusini, kwa hiyo kila wimbi tunalipokea usoni. Giza lilipoingia tukaanza kuona taa za wavuvi wa dagaa, mwezi haukuwepo kwa hiyo wote walikuwa kazini, taa mamia kwa mamia juu ya maji, ungedhani kuna mji huko mbele. Nilizitazama hadi nikasinzia.

Niliamshwa na ukimya. Ilikuwa kama saa nane usiku, tumeshapita mdomo wa Malagarasi, injini imezima. Kwanza hakuna aliyeshtuka, yule kijana wa injini akavuta kamba, akavuta, akavuta tena, haiwaki. Mafuta yalikuwa yameingia maji. Akafungua mpira akawa anafyonza kwa mdomo anatema, huku boti bila injini imegeuka ubavu kwa mawimbi, na hapo ndo maji yakaanza kuingia. Sio matone, yanakuja kama mtu amemwaga ndoo. Ziwa Tanganyika kina chake kinafika karibu mita 1,470, nilisoma shuleni, na usiku ule hiyo namba ikanijia kichwani ikakataa kutoka.

Watu walianza kupiga kelele, mtoto analia, nahodha anasema tulieni, msisimame, mchungaji wetu akanigeukia akasema dada, tuongoze kwenye maombi. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Na sio kwamba niliogopa hadi nikasahau maneno, maneno yalikuwepo, yale yote ya mkesha, ila nilijua kabisa kwamba nikiyasema pale nitakuwa nasema uongo na watu wanakufa. Machozi yakanitoka. Nikasema siwezi.

Yule bibi alikuwa ananiona. Midomo yake ilikuwa inatembea muda wote, anamtaja Mungu taratibu, na mkono wake mwingine umeshika kidumu cha lita tano kilichokatwa juu, anachota maji anamwaga nje. Akaniwekea kidumu mkononi akasema, "Mwanangu, wewe kumba maji. Mdomo utafuata."

Nikakumba. Mikono ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi, maji yamefika kwenye vifundo vya miguu, yana mafuta na unga wa sembe, yanateleza kama uji. Nachota, namwaga. Nachota, namwaga. Sijui ilikuwa mara ya ngapi nikasikia nasema "Bwana" wakati nachota na "rehemu" wakati namwaga, na sikuipanga, ilikuja na pumzi tu. Bwana, rehemu. Hakukuwa na sentensi nyingine. Bibi upande ule anataja kwa namna yake na mi kwa namna yangu, tumegusana magoti. Kama lisaa hivi. Ndo ilikuwa mara ya kwanza kuomba tangu mama afe.

Wavuvi walituona kwa kuwa nahodha alikuwa anapunga tochi, wakaja mitumbwi miwili na taa zao, wakatupa kamba wakatushikilia kichwa cha boti kielekee upepo, wakatupa na dumu la petroli safi. Injini ikawaka. Sisemi huo ni muujiza, wavuvi wa kule wanasaidiana kila siku na wengine hawarudi, mi nasimulia kilichotokea. Asubuhi bibi alishuka kijiji cha kabla ya chetu, mjukuu kalala begani kwake, sikumuuliza hata jina. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kijiji chetu sitakitaja. Kiko kusini huko milimani, gari halifiki, kila kitu ni ziwa. Watu walitupokea vizuri mno, ugali wa muhogo na migebuka, mama mwenyeji akatupa chumba chake yeye akalala jikoni. Spika moja ilikuwa imelowa haikufufuka, tukafanya mkutano na moja. Siku ya tatu kijana wetu wa kinanda akaanza kutetemeka.

Malaria. Zahanati ipo, nesi ni mmoja tu, dada mdogo mchapakazi ambaye sijui analala saa ngapi. Kipimo kikasoma chanya, akaanza dawa mseto anatapika, jioni akaanza kuongea maneno ambayo hayaeleweki, anamwita mama yake. Nesi akasema hii imekuwa kali, anahitaji sindano za artesunate, dozi ya kwanza, ya pili baada ya saa kumi na mbili, ya tatu baada ya saa ishirini na nne. Akafungua kabati. Alikuwa na ya kutosha dozi moja. Boti ya abiria hadi keshokutwa.

Akachoma ile moja. Netiweki kijijini hakuna, inapatikana juu ya mwamba mmoja mlimani, mwendo wa saa nzima, nikapanda na mtoto wa mwenyeji, tochi ya simu chaji asilimia 11. Na njia nzima nilikuwa naongea. Nilimwambia Mungu nina hasira na wewe. Nilimwambia nilikuomba siku 19 na ulisikia na ulinyamaza. Nilimwambia mama wa huyu mtoto alinishika mkono stesheni, nitamwambia nini? Nilisema mambo ambayo kanisani mtu angeniziba mdomo. Yule mtoto mbele yangu hakugeuka hata mara moja, akadhani naongea na simu. Nilipofika juu nilikuwa nimekauka koo, na kitu cha ajabu, nilikuwa sijisikii peke yangu. Sikusikia sauti, sikupewa ahadi yoyote. Ila kwa miaka miwili nilikuwa nikiomba kama mtu anayesoma tangazo, na usiku ule nilikuwa naongea na mtu.

Simu ikaingia. Mchungaji mwenyeji wetu wa Kigoma alihangaika usiku uleule, akapata dawa, akapata boti ya mizigo iliyokuwa inatoka alfajiri.

Hatukulala. Tulipokezana kumkanda kwa kitambaa cha maji, mama mwenyeji akawa anamtilia maji ya sukari kwa kijiko. Saa kumi alfajiri nikasikia chuma kinalia, ngaa, ngaa. Nikatoka. Nje ya kanisa lao, la miti na udongo, wametundika rimu ya gari kwenye mti, sijui hiyo rimu ilifikaje kijiji ambacho hakina gari, na mzee mmoja wa kanisa anaigonga kwa nondo. Afu akaingia ndani peke yake akapiga magoti kwenye mchanga. Hakuna aliyekuja. Akaomba, akamaliza, akatoka.

Mama mwenyeji aliniambia anafanya hivyo kila siku. Mwanae wa kwanza alienda kuvua hakurudi, mtumbwi ulionekana, yeye hapana. Nikamfuata mzee kesho yake, nikamuuliza bila hata kuzunguka, mzee uliomba mwanao arudi? Akasema niliomba. Na hakurudi. Akasema hakurudi. Sasa mzee hujachoka? Akanitazama muda mrefu, macho yake yana ukungu wa uzee, akasema, "Nimchoke nani, binti yangu? Saa kumi hii nina nani mwingine wa kuongea naye habari za mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Hadi leo nikifikiria lile swali nanyamaza.

Boti ya mizigo ilifika jioni, dozi ya pili ikawa imechelewa saa kadhaa. Nesi akachoma, akakaa naye hadi usiku, na dozi ya tatu asubuhi yake. Mchana kijana akaomba uji. Akanywa nusu kikombe akaniuliza kinanda kimepona maji? Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kwa sauti, mama mwenyeji akaja akakaa pembeni yangu anachambua dagaa, hakusema kitu. Kabla hatujaondoka alikuwa anatembea mwenyewe kwenda ziwani kuoga, amekonda, anaendelea na vidonge vya mseto. Nashukuru kwa hilo kwa moyo wote. Na najua pia kwamba kaburi la Dodgshun na la mama yangu yapo palepale, uzima wa huyu kijana haukuja kufuta yale. Mtu akiniuliza kwa nini huyu na sio yule, sina la kumwambia, na siku hizi sitafuti.

Siku ya kuondoka niliamka kabla ya saa kumi. Giza, upepo umetulia, ziwani taa za dagaa zimebaki chache. Mzee alikuwa tayari amesimama chini ya mti. Hakushangaa kuniona, alinikabidhi tu ile nondo. Nikagonga, mara ya kwanza kidogo, akasema gonga, binti, watu wamelala. Nikagonga kwa nguvu hadi mkono ukauma.

Tukaingia ndani tukapiga magoti kwenye mchanga, mchanga wa baridi, una unyevu. Mzee akaomba kwanza. Aliomba kama mtu anayempigia stori jirani yake, mvua, muhogo, goti lake linalouma, afu akamtaja mwanae kwa jina, akasimulia kitu alichokuwa anafanya akiwa mdogo, kwamba alikuwa anaogopa kuku, akacheka kidogo. Akanyamaza. Afu akasema, haya, na wewe.

Nikataja jina la mama. Nikasema alikuwa anapenda chai ya tangawizi kali sana, na kwamba siku za mwisho alikuwa hawezi kuimeza tukawa tunamlowanishia midomo na pamba. Nilisema hayo tu, polepole, sikuomba kitu. Nyuma yangu nilisikia mlango wa bati, wanawake wawili wameingia, mmoja ana mtoto mgongoni, wakapiga magoti. Tulikaa hivyo hadi mwanga ukaanza kuingia kwenye nyufa za ukuta na kule ufukweni kijana wa boti akawa anaita abiria wa Kigoma.