Saa tatu na nusu usiku na jua bado lipo: kutoka Mbeya hadi Disneyland Paris na mtoto mdogo

Kitu ambacho hakuna aliyetuonya kuhusu Ufaransa ya mwezi Juni ni jua. Kuhusu baridi tulionywa sana, hasa na ndugu zetu wa Dar es Salaam, ambao huamini kwamba Ulaya ni barafu mwaka mzima, ilhali Juni ndio mwezi ambao sisi wa Mbeya huamka na ukungu na kumvalisha mtoto sweta mbili. Sweta zote tulizobeba zilirudi nyumbani zikiwa zimekunjwa vilevile. Lakini binti yetu, mwenye miaka miwili na miezi minane, aliyezaliwa mahali ambapo ikifika saa mbili usiku giza limekwisha kutanda, iwe Januari au Agosti, alisimama dirishani nyumbani kwa mama yake mdogo nje kidogo ya Paris, saa tatu na nusu usiku, akaniambia kwa uhakika kabisa kwamba hawezi kulala kwa sababu jua bado lipo. Sikuwa na jibu, maana ni mimi niliyemfundisha kwamba jua likienda kulala naye analala.

Wazazi wenzangu wengi wameniuliza kwa nini tulimpeleka mapema hivyo, wakati hatakumbuka chochote. Siwezi kubishana nao kuhusu kumbukumbu. Ninachoweza kueleza ni hesabu, kwa kuwa fedha yenyewe tuliidunduliza kwa misimu miwili ya parachichi kule Rungwe, na hatukuwa na shilingi ya kuchezea. Katika bustani ile ya michezo ya Disneyland, mtoto ambaye hajatimiza miaka mitatu huingia bure. Ada ya viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima, haitozwi kwa mtoto wa chini ya miaka sita, na aliye chini ya miaka kumi na miwili hachukuliwi alama za vidole. Kwenye ndege mambo ni tofauti: akishatimiza miaka miwili hapakatwi tena kwa asilimia kumi hivi ya nauli, bali analipiwa kiti chake. Sisi tulilipia kiti hicho, na baada ya usiku ule angani sijutii hata senti, kwa sababu mtoto wa kilo kumi na tatu aliyelala juu ya mapaja yako kwa saa saba ni mzigo mwingine kabisa. Hakikisheni tu kwamba viti vimepangwa pamoja. Wakala aliyetukatia tiketi alimweka mtoto safu tatu nyuma yetu, na tungegundua hilo ndani ya ndege kama mume wangu asingepiga simu wiki moja kabla.

Nilichokiogopa kuliko vyote, yaani safari yenyewe, ndicho kilichotusumbua kidogo zaidi. Mtoto aliyezoea basi la Mbeya hadi Dar, zaidi ya kilomita 800 pamoja na kona za Kitonga, akisubiri mpaka dereva asimame ndipo watu wachimbe dawa, hashindwi na ndege yenye choo chake. Tuliondoka Songwe siku moja kabla, kwa kuwa ukungu wa asubuhi pale unaweza kuchelewesha ndege na sikutaka kuikosa ile ya kimataifa, tukalala Dar, kisha tukabadilisha ndege Addis Ababa, na kutoka hapo ni takriban saa saba na nusu hadi Paris. Ndege ilipoanza kushuka nilimpa maji anywe kidogo kidogo ili masikio yasizibe. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, macho yamefumba, anameza kwa utiifu ambao sijauona tena tangu siku hiyo.

Kuhusu chakula nitasema kwa kirefu, kwa sababu hapo ndipo bibi yake alipoingia. Bibi alileta kutoka Tukuyu parachichi kumi, mkungu mdogo wa ndizi, na chupa ya maziwa mgando. Ilibidi nikae naye chini nimweleze kwa heshima kwamba Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kuingia na maziwa wala nyama kutoka kwetu, na kwamba matunda mengi huhitaji cheti cha afya ya mimea, parachichi likiwemo. Ndizi, hata hivyo, ni miongoni mwa matunda matano tu yasiyodaiwa cheti hicho, pamoja na nanasi, nazi, tende na duriani. Bibi alipolisikia hilo alitulia, akasema, “Basi wana akili kidogo.” Parachichi na maziwa vikabaki Dar kwa shangazi, na ndizi za Tukuyu zikafika Ufaransa. Mjukuu wake alikula mbili akiwa ameketi kwenye benchi mbele ya jumba la kifalme la rangi ya waridi lililo ndani ya bustani, na hakutaka kitu kingine mpaka mchana.

Nirudi kwenye jua. Tofauti ya saa kati ya Tanzania na Paris wakati wa kiangazi ni moja tu, jambo ambalo ni neema kubwa kwa mwenye mtoto mdogo. Wanaokwenda Florida hukabiliana na tofauti ya saa saba. Tatizo letu lilikuwa mwanga peke yake. Usiku wa pili nilichukua vitenge viwili, nikavibana dirishani kwa vibanio vya nguo kimoja juu ya kingine, chumba kikawa na giza la Mbeya, na tukakubaliana kubaki na saa za nyumbani. Alilala saa mbili za kwetu, akaamka saa kumi na mbili za kwetu. Asubuhi tulipanda treni ya RER A hadi kituo cha mwisho, Marne-la-Vallée–Chessy, ambacho kiko hatua chache tu kutoka langoni, tukawa miongoni mwa watu wa kwanza kuingia. Saa tisa alasiri tulikuwa tunaondoka. Fataki za usiku hatukuziona, kwani mwezi Juni giza huingia karibu saa tano, na sikuona sababu ya kumtesa mtoto kwa ajili ya fataki.

Kigari cha kusukuma tulikiazima, tukakitumia nusu siku. Kila chombo unachotaka kupanda, kigari hubaki nje, mtoto unamtoa akiwa amesinzia, unampanga kwenye foleni akilia. Nikamfunga mgongoni kwa kitenge, akalala foleni nzima ya kuingia kwenye mashua za “it's a small world”, akaamka tukiwa ndani, katikati ya vinyago vya watoto wa dunia nzima vikiimba. Ni safari ya kama dakika kumi majini. Tuliirudia mara nne.

Chini ya jumba la kifalme kuna pango, na ndani yake joka kubwa la bandia linalopumua moshi na kunguruma. Niliingia naye nikiwa na wasiwasi, kwa kuwa saa moja kabla alikuwa amejificha ndani ya kitenge alipomwona mtu aliyevaa kichwa kikubwa cha panya. Alilitazama joka kwa muda. Kisha akaweka mkono kichwani, kama bibi alivyomfundisha, akasema, “Shikamoo.” Joka likanguruma. Akasubiri. Hakukubali kuondoka mpaka baba yake, nyuma ya nguzo, alipoitikia kwa sauti nzito, “Marahaba, mwanangu.”

Kwa vyombo vya kasi, bustani ina utaratibu wa wazazi kupokezana: mmoja anapanga foleni na kupanda, mwenzake anabaki na mtoto, kisha wa pili anaingia bila kupanga foleni upya. Ulizeni kwa mhudumu wa mlangoni kabla hamjajipanga. Mume wangu alipanda Big Thunder Mountain, treni inayokimbia mlimani, ambayo haimruhusu mtu aliye chini ya sentimita 102, na binti yetu alilia kwa uchungu alipokatazwa kumfuata.

Tuliporudi alidai apimwe. Alama yake iko kwenye fremu ya mlango wa jikoni, kwa penseli: sentimita 91. Juu yake baba yake amechora mstari mwingine, wa 102, na kila Jumapili asubuhi, kabla ya kunywa uji, anasimama pale akiwa peku na kisigino ukutani, akiuliza kama amefika.