Florini ya Kabaila wa Orange
Kusini mwa Ufaransa, treni ya Avignon kwenda Orange husimama Sorgues, kituo ambacho wengi hukipita bila kuinua macho. Mimi niliteremsha kioo nikautazama mji mpaka ukaisha, maana hapo ndipo Papa Yohane wa 22 alipotengenezea sarafu zake za dhahabu ziitwazo florini mwaka 1322, kwa kuiga zile za Florence, mji wa Italia.

Watalii huijia Orange kwa ukumbi wa maigizo wa Warumi, wenye ukuta wa urefu wa mita 103 na kimo cha mita 37. Ni fahari kweli. Lakini safari yangu ilikuwa ya kilima kilicho nyuma yake, Saint-Eutrope, ilikosimama ngome ya wakuu wa Orange. Louis wa 14, mfalme wa Ufaransa, aliibomoa mwaka 1673. Imebaki misingi ya mawe. Ukiwa juu pale unaona jinsi nchi yao ilivyokuwa ndogo: mizabibu, paa za mji, bonde la Rhône. Na bado Raymond wa ukoo wa Baux, aliyetawala hapa kuanzia 1340 hadi 1393, alitoa sarafu ya dhahabu.

Niliporudi Avignon, mwuza sarafu kongwe mmoja aliniwekea moja kiganjani. Ina gramu tatu na nusu hivi, nyembamba, upana wake kama kifungo cha koti. Upande mmoja amesimama Yohane Mbatizaji, upande wa pili limechanua ua la yungiyungi: alama za Florence tupu, mji ulioanza kutoa florini mwaka 1252. Sura ya Raymond haimo. Ila palipopaswa kuandikwa FLORENTIA, pameandikwa R DI G P AVRA: Raymond, kwa neema ya Mungu, mkuu wa Orange.

Wapo wanaomwita mghushi. Sikubali. Jina lake kaliweka wazi, ingawa najua alijua kwamba wengi wa watakaoipokea hawasomi Kilatini. Yungiyungi walilifahamu, wakaliamini. Kabaila mdogo aliyepima nguvu zake sawasawa namna hiyo namstahi. Nikakumbuka pia kwamba sehemu ya dhahabu ya florini za mwanzo ilivuka Sahara kutoka Afrika Magharibi kabla ya kufika Italia.

Bei yake sikuiweza. Asubuhi nikapanda treni ya Valence, kisha Grenoble, mji wa mabwana wa zamani wa nchi ya Dauphiné, ambao nao walilichapa yungiyungi hilohilo kabla Humbert wa Pili hajaiachia Ufaransa nchi yake kwa fedha, mwaka 1349.