Nusu ya Samaki

Kutoka stesheni ya Waterloo, London, hadi Axminster ni karibu saa tatu kwa treni. Nilikuwa nimeshaifanya safari hiyo mara nne, lakini ile ya Februari ndiyo niliyoingojea msimu mzima. Dhoruba ilikuwa imeipiga pwani ya Dorset, kusini mwa Uingereza, siku tatu mfululizo, na mwezi ulikuwa ndio kwanza umeandama, kwa hiyo maji yalikuwa ya bamvua, yanayojaa na kupwa kuliko kawaida. Anayetafuta visukuku vya bahari, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe, huomba mambo hayo mawili yakutane: mawimbi yaparue miguu ya magenge na kuangusha udongo, kisha maji yapwe mbali na kuacha wazi kilichoanguka.

Kutoka Axminster nilipanda basi hadi kijiji cha Charmouth, nikalala. Asubuhi kabla ya jambo lolote nilitazama jedwali la maji. Yangefika mwisho wa kupwa karibu saa saba mchana. Saa nne nikashuka ufuoni, maji yakiwa yanateremka nami. Ufuoni hapa huendi maji yanapojaa, kwa sababu genge liko nyuma yako, bahari iko mbele yako, na katikati panabaki pembamba hadi pasipitike.

Magharibi ya kijiji kuna genge la Black Ven, mashariki kuna Stonebarrow, na mbele zaidi kinasimama Golden Cap, kilele cha mita 191. Kwa mbali yanaonekana kama majabali, lakini ukikaribia unakuta ni udongo mweusi wa kijivu, umepangwa tabaka kwa tabaka, na hapa na pale mkanda mwembamba wa mawe ya chokaa. Ulikuwa tope la sakafu ya bahari yapata miaka milioni 195 iliyopita. Udongo huo haujatulia hata leo. Mvua ikiuloanisha unatiririka hadi ufuoni kama uji mzito, na wapo waliokanyaga juu yake wakazama hadi kiunoni, wakaja kutolewa na waokoaji. Kwa hiyo genge halichimbwi, wala hukai chini yake. Kazi yote hufanywa kwenye mawe ambayo bahari imekwisha kuyaangusha na kuyaosha.

Mimi naona ni haki iwe hivyo, na si kwa ajili ya usalama peke yake. Kisukuku kilichomo ndani ya genge kimekaa salama muda wote huo na kinaweza kuendelea kukaa. Kilicho hatarini ni kile kilichokwisha kuanguka. Bahari iliyokifunua jana itakisaga kesho. Wimbi moja linakiosha, la pili linakigonga kwenye kokoto, na baada ya bamvua mbili tatu hakuna kitu. Anayekiokota kati ya mawimbi hayo hajakiondoa mahali pake, amekiwahi.

Saa ya kwanza ilikuwa ya vitu vya kawaida, na navipenda vitu vya kawaida. Niliokota belemnaiti, vile vijiti vya mawe vilivyochongoka kama risasi ambavyo vilikuwa sehemu ya ndani ya mnyama wa ukoo wa ngisi. Niliokota amonaiti, makombe ya kale yaliyojiviringa, ndogo za pairaiti (madini ya chuma na salfa) zenye ukubwa wa kifungo cha shati, zinang'aa rangi ya shaba, na pingili moja ya uti wa mgongo wa ikithiosauri, mtambaazi wa bahari wa kale mwenye umbo kama la pomboo; ilikuwa duara, imebonyea pande zote mbili. Namna ya kutafuta ni kuchuchumaa na kutazama mpangilio. Jiwe tupu lina mistari inayokwenda ovyo. Kiumbe kina mbavu zilizofuatana kwa nafasi sawa, au mviringo unaojirudia ukipungua kuelekea katikati. Jicho likishazoea, mkono unafika kabla hujaamua.

Belemnaiti kila ninapoishika inanikumbusha kisa cha wino. Mwaka 1826 Mary Anning, mkazi wa Lyme Regis, mji ulio upande wa pili wa Black Ven, aligundua kwamba baadhi ya belemnaiti zilikuwa bado zina kifuko cha wino, kimekauka lakini hakijaharibika. Rafiki yake Elizabeth Philpot aliukoroga wino huo kwa maji akauchorea. Mifupa ya wanyama wa bahari ile ikachorwa kwa wino wa mnyama aliyeogelea katika bahari ileile.

Mary Anning alizaliwa mwaka 1799. Baba yake, seremala, alikufa mwaka 1810 akaiacha familia na madeni, na kuokota visukuku kwa ajili ya kuviuza kukawa riziki yao. Kaka yake Joseph aliona fuvu la ikithiosauri mwaka 1811, na mwaka uliofuata Mary, akiwa na umri wa miaka 12 au 13, akaupata mwili wake. Mwaka 1823 alipata plesiosauri, mtambaazi wa bahari mwenye shingo ndefu, wa kwanza aliyekamilika. Maporomoko ya mwaka 1833 yalimuua mbwa wake, Tray, hatua chache kutoka aliposimama. Wataalamu walinunua mifupa aliyoitoa na kuisafisha kwa mikono yake, wakaiandika kwa majina yao. Chama cha Jiolojia cha London hakikuwa na mwanamke mwanachama hadi mwaka 1919, miaka 72 baada ya yeye kufariki. Sanamu yake ilisimamishwa Lyme Regis mwaka 2022, na Tray yuko miguuni pake. Kila nikienda huko nasimama mbele yake kwa dakika chache. Nikifikiria alivyofanya kazi ile majira ya baridi, bila mashine yoyote, kwenye mifupa ambayo leo sisi tunahofia kuigusa, naona heshima aliyopewa bado ni ndogo.

Nirudi ufuoni. Maji yalikuwa yamebakiza kama nusu saa yapwe mwisho. Nilikuwa napita juu ya vipande vya mawe ya chokaa vilivyosombwa na tope nilipoona jiwe bapa la kijivu, upana wake kama sinia ndogo, limevunjika upande mmoja. Kwenye ukingo wa mvunjiko kulikuwa na weusi unaometa. Nilidhani ni makaa ya mti wa kale, maana hayo ni mengi pale. Nikainama. Weusi ule ulikuwa wa vipande vya pembe nne, kila kimoja kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, vimepangana kama vigae vya paa, mstari juu ya mstari.

Magamba.

Nilikuwa na nyundo mkononi. Safari yangu ya kwanza nilipata jiwe la mviringo lenye amonaiti ndani, nikaona mbavu zake zinachungulia, nikalipiga palepale kwa pupa. Lilipasuka kupitia katikati ya kisukuku, na nilichobeba nyumbani ni vipande kumi na saba ambavyo hadi leo havijawahi kuungana. Safari hii nyundo niliirudisha kwenye mkoba. Mzee mmoja mstaafu niliyefahamiana naye ufuoni hapo mwaka uliotangulia, anayeokota visukuku tangu ujana wake, alikuwa mbele yangu kidogo. Nilimpungia mkono. Alikuja polepole, akapiga goti, akamwagia jiwe maji ya bahari kwa kiganja, akakaa kimya kwa muda mrefu.

"Dapedium," alisema mwishowe. "Na kichwa kiko ndani."

Dapedium ni samaki wa duara, bapa ubavuni, mwenye magamba mazito yaliyopakwa kitu kama enameli. Lyme Regis ni miongoni mwa mahali anapojulikana zaidi duniani, lakini kuwapo kwenye vitabu si sawa na kumkuta chini ya mguu wako. Tulitafuta nusu ya pili ya jiwe hadi maji yalipogeuka. Hatukuiona. Nililifunga jiwe kwenye koti, nikalibeba kifuani kilomita nzima juu ya kokoto.

Pwani hii, kuanzia Lyme Regis hadi Burton Bradstock, ina utaratibu wake. Ukiokota ufuoni unachukua, lakini kitu chenye umuhimu wa kisayansi unakipeleka katika kituo cha wageni cha Charmouth kiandikishwe: kimepatikana wapi, lini, na katika jiwe la tabaka gani. Nimesikia wanaolalamika kwamba huo ni usumbufu. Mimi siwaelewi. Kisukuku kisichojulikana kilikotoka ni pambo tu. Tulijaza fomu, nao wakapiga picha.

Sehemu ya pili ya safari ilianza Aprili, nayo ilinichukua wiki sita za Jumamosi na Jumapili, katika banda la yule mzee. Kabla ya hapo jiwe lilikuwa limelala wiki tatu ndani ya maji baridi yasiyo na chumvi, yakibadilishwa kila siku. Chumvi ya bahari ikibaki ndani ya jiwe, siku likikauka inageuka fuwele na kuusukuma uso wa kisukuku hadi ubanduke. Amonaiti zangu za pairaiti sikuziloweka hivyo. Hizo ni kinyume: nazisuuza, nazikausha upesi, naziweka kwenye kisanduku kilichofungwa pamoja na vipakiti vya silika vya kufyonza unyevu. Pairaiti ikikutana na unyevu na hewa inageuka kuwa tindikali ya salfa na unga mweupe wa njano, na kisukuku kinajila chenyewe. Mzee alinionyesha droo moja ya ujana wake. Ilikuwa imejaa vumbi na lebo.

Kifaa kikuu cha usafishaji ni kalamu ya hewa. Inaunganishwa na kompresa, mashine ya kubana hewa, na ncha yake ya chuma kigumu inagonga maelfu ya mara kwa dakika. Unaishika kama penseli, jiwe limelala juu ya mfuko wa mchanga, macho yako kwenye hadubini, barakoa usoni kwa sababu vumbi la mawe ni adui wa mapafu. Siku mbili za kwanza mzee alinipa jiwe tupu nilichonge hadi mkono uache kutetemeka. Kisha akaniambia nianzie pale gamba linapoonekana na nilifuate gamba, nisimfuate samaki niliyemchora kichwani.

Maneno hayo niliyaelewa wiki ya pili. Nilikuwa na hakika kwamba mgongo unapinda kuelekea kushoto, nikataka kuondoa jiwe lote la kulia kwa haraka. Magamba yakakatika. Nikasimama, nikamwita, naye akatazama, akaanza kuchonga nukta kwa nukta upande wa kulia. Pezi la kifuani lilikuwa hapo, limejikunja, miiba yake myembamba kama nywele. Ningelisaga kwa nusu dakika.

Furaha ya kazi hii ni vigumu kuieleza kwa asiyeiona. Mtetemo wa ncha ukikaribia uso wa gamba, wakati mwingine jiwe lililobaki linajibandua lenyewe, kipande chembamba kinaruka, na chini yake pana weusi safi unaong'aa ambao haujawahi kupigwa na mwanga tangu samaki alipofunikwa na tope. Wewe ndiye wa kwanza kuuona. Na haikuwa lazima uwepo. Samaki huyu alifia mahali ambapo maji ya chini yalikuwa na oksijeni haba, kwa hiyo hapakuwa na wa kuja kumla. Mwili wake ulipokuwa ukioza, chokaa iliganda kuuzunguka mapema, kabla uzito wa tope la juu haujaukandamiza. Wenzake waliobaki kwenye udongo wamebanwa kama karatasi. Yeye ana unene, na shavu lake limevimba.

Milimita ya mwisho haiguswi kwa kalamu. Hapo tulitumia mpulizo wa unga wa bikaboneti, ambao unakula jiwe na kuyaacha magamba. Kila eneo lililofunguka nililipaka kwa brashi myeyusho mwepesi wa Paraloid B-72 katika asetoni, resini inayoshika kilicholegea na ambayo mtu mwingine miaka ijayo anaweza kuiyeyusha akitaka kuanza upya. Mdomo ndio uliokuwa wa mwisho. Meno yalitokea moja moja, mafupi, yamesimama kama vigingi. Wataalamu wanayaona kuwa ni meno ya kuvunjia makombe.

Katikati ya wiki hizo nilikwenda siku moja Kimmeridge, mashariki zaidi katika pwani hiyohiyo, kulitazama jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 2016 kwa mkusanyiko wa Steve Etches. Yeye alikuwa fundi bomba. Vitu vile vyote alivitafuta na kuvisafisha kwa miongo kadhaa katika saa zake za mapumziko. Fuvu la pliosauri, mtambaazi mkubwa wa bahari ya kale, lililotolewa kwenye genge la huko mwaka 2022, urefu wa mita 2, lilisafishwa kwa njia ileile ya nukta kwa nukta. Nilirudi bandani nikiwa na haya kidogo ya kulalamikia mgongo wangu.

Samaki sasa amefunguka kuanzia mdomoni hadi kidogo nyuma ya mwanzo wa pezi la mgongoni. Hapo jiwe linakoma, na magamba yanaishia kwenye mvunjiko kama sentensi iliyokatwa. Mzee alitaka kujua kama ninataka kuujaza ukingo kwa plasta na kuupaka rangi, kama wengine wafanyavyo. Nilikataa, naye akafurahi. Chini yake nimebandika lebo: mahali, tarehe, tabaka, namba ya usajili.

Mkia uko mahali fulani kwenye ufuo ule, au ulikuwapo. Novemba iliyopita dhoruba ilipiga tena na nikapanda treni ya Waterloo. Nilikuwa chini ya Black Ven saa mbili kabla ya maji kupwa, nina picha ya mvunjiko mfukoni ili niulinganishe na kila jiwe bapa la kijivu. Niliyageuza mengi. Upande wa magharibi, karibu na mkondo mpya wa tope, kulikuwa na mawe mengine sijayafikia, na maji yalikuwa yameshaanza kurudi.